Spika Inaponyamaza: Somo juu ya Vigusio vya Swichi Katika Tundu la Hedifoni

Mkutano mkuu wa chama cha msingi ni siku ambayo mwanachama husikia kwa masikio yake mwenyewe hesabu za mali yake. Husomwa mapato na matumizi, hutajwa bei ya mazao, huelezwa makato, na baada ya hapo mikono huinuliwa. Mwanachama aliyeketi nyuma, asiyesikia neno, huinua mkono kwa kufuata wenzake tu. Kura ya namna hiyo huandikwa katika muhtasari sawa na nyingine, lakini haina uzito wa kura ya mtu aliyeelewa. Kwa sababu hiyo amplifaya na spika za chama si pambo la mkutano. Ni vyombo vya kazi, na ubovu wake humhusu katibu kama vile unavyomhusu ubovu wa mizani ya ghalani.

Somo hili linahusu ubovu mmoja mdogo ambao aghalabu hudhaniwa kuwa mkubwa. Chombo kinawaka, taa yake ni nyekundu kama kawaida, waya zote ziko mahali pake, lakini spika haitoi sauti. Au hutoa sauti kwa kukatika katika, leo ikafanya kazi na kesho ikagoma. Mara nyingi chanzo chake kimo katika tundu la kuchomekea hedifoni, ndani ya vipande viwili vya bati ambavyo havizidi upana wa punje ya mchele. Chama kisichojua jambo hili huweza kununua amplifaya mpya kwa fedha za wanachama, ilhali ile ya zamani ilihitaji kusafishwa tu.

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kujifunza somo hili, katibu na wanachama wataweza:
(a) kueleza jinsi tundu la hedifoni linavyojua kwamba plagi imechomekwa;
(b) kutaja sababu zinazofanya vigusio vyake visiaminike;
(c) kufanya majaribio ya kwanza bila kufungua chombo;
(d) kufuata kazi ya fundi na kupima kama tiba anayoipendekeza ni ya kweli.

1. ASILI YA TUNDU HILI

Plagi nene yenye kipenyo cha milimita 6.35, yaani robo inchi, ilianza kutumika katika meza za kuunganishia simu katika karne ya 19. Mhudumu wa simu alichomeka plagi katika tundu la mteja mmoja na kumuunganisha na mwingine. Tangu siku hizo matundu mengi yalitengenezwa yakiwa na swichi ndani yake, ili kule kuchomeka plagi peke yake kufungue njia moja na kufunga nyingine bila mhudumu kugusa kitu kingine chochote.

Plagi hiyo nene bado inatumika katika amplifaya na vipaza sauti vya mikutano. Ndugu yake mdogo, mwenye kipenyo cha milimita 3.5, alienea pamoja na redio za transista, na baadaye pamoja na vicheza kaseti vya mkononi vya aina ya Walkman ambavyo Sony ilianza kuviuza mwaka 1979. Plagi ya milimita 3.5 hutumika pia katika kompyuta na katika simu nyingi, ingawa tangu mwaka 2016, iPhone 7 ilipotolewa bila tundu hilo, watengenezaji wengi wa simu wameliacha.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, vikundi vya kujifunza vilikaa kuizunguka redio moja. Redio iliponyamaza, kikundi kizima kilikosa somo. Vyombo vimebadilika tangu wakati huo, lakini kazi ya kile kipande kidogo cha bati ndani ya tundu haikubadilika.

2. JINSI TUNDU LINAVYOTAMBUA PLAGI

Ndani ya tundu mna ulimi wa bati wenye springi. Plagi isipokuwamo, ulimi huo hukaa ukigusa kipande kingine cha bati. Pale vinapogusana ndipo panapoitwa kigusio. Plagi ikiingia, huusukuma ulimi kando na kigusio hufunguka. Plagi ikitoka, springi huurudisha ulimi mahali pake. Dereva anayefahamu platini za injini ya petroli ya zamani ataelewa upesi, kwani kazi ni ile ile: bati mbili hugusana na kuachana, na umeme hupita au hukatika.

Swichi hiyo hutumika kwa njia mbili, na ni lazima zitofautishwe.

Njia ya kwanza ni ya vyombo vya zamani na vya bei nafuu. Sauti yenyewe hupita katika kigusio kwenda kwenye spika. Plagi ikiingia, njia ya spika hukatika na sauti huenda kwenye hedifoni. Hali kadhalika, amplifaya nyingi za mikutano zina matundu ya kuunganishia vifaa vya nje kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho ya kukuza sauti. Plagi isipokuwamo, sauti hutakiwa kuvuka katika kigusio cha tundu hilo. Kwa hiyo tundu ambalo chama hakijawahi kulitumia hata siku moja linaweza kunyamazisha mkutano mzima.

Njia ya pili ni ya kompyuta na vyombo vingi vya kisasa. Hapa sauti ya spika haipiti katika kigusio. Kigusio hupeleka habari tu. Waya mmoja hutoka kwenye chipu, na umeme mdogo, mathalani wa volti 3.3, hufikishwa kwenye waya huo kwa kupitia rezista kubwa, mathalani ya omu 100,000. Plagi isipokuwamo, kigusio huunganisha waya huo na upande wa hasi, na chipu husoma volti 0. Plagi ikiingia, kigusio hufunguka, volti hupanda hadi 3.3, na chipu huelewa kwamba hedifoni imechomekwa. Papo hapo huzima spika.

Yapo pia matundu ambayo swichi yake imewekwa kinyume, yaani plagi ndiyo inayokifunga kigusio. Tofauti hii ina maana kubwa katika kutafuta ubovu. Kigusio cha aina ya kwanza kikigoma, chombo hudhani hedifoni imo hata kama tundu ni tupu, na spika hunyamaza. Kigusio cha aina ya pili kikigoma, chombo hudhani tundu ni tupu hata kama hedifoni imo, na spika huendelea kupiga kelele.

3. KWA NINI VIGUSIO HAVIAMINIKI

Sababu zilizo kubwa ni nne.

Ya kwanza ni utando. Nikeli, bati na shaba huota utando mwembamba zinapokutana na hewa, na fedha huingia weusi kwa ajili ya chembechembe za salfa. Vumbi la ghala, moshi wa jikoni na hewa ya chumvi ya pwani huongeza mambo hayo. Utando huo haupitishi umeme ipasavyo. Dhahabu haioti utando wa namna hiyo, na ndiyo maana matundu yaliyo bora hupakwa dhahabu kidogo kwenye vigusio.

Ya pili ni udogo wa umeme wenyewe. Jambo hili hushangaza wengi. Swichi ya taa ya nyumbani, yenye volti 230, huuchoma na kuuvunja utando kila inapowashwa, nayo hujisafisha hivyo. Lakini volti 3.3 kupitia omu 100,000 hutoa umeme wa sehemu 33 tu za milioni moja ya ampea. Umeme huo hauna nguvu ya kujifungulia njia. Kwa hiyo kigusio kinachobeba mzigo mdogo ndicho kinachohitaji usafi mkubwa zaidi.

Ya tatu ni springi kuchoka. Plagi ikiachwa ndani ya tundu kwa miezi mingi, ulimi huzoea kukaa kando na haurudi kwa nguvu yake ya awali. Zaidi ya hayo, kwa muda wote huo nyuso za kigusio hukaa wazi zikipokea vumbi.

Ya nne ni uchafu na maumivu ya nje. Nyuzi za mfukoni na takataka hujikusanya chini ya tundu hata plagi isifike mwisho. Plagi ikivutwa kwa kushikwa waya, au chombo kikianguka kwa upande wa plagi, miguu ya tundu hupasua lehemu iliyoishika kwenye bodi. Ufa huo hauonekani kwa macho kwa urahisi, lakini dalili zake hufanana kabisa na zile za kigusio kichafu.

4. MFANO

Ifikiriwe hali ya chama kimoja cha wakulima siku ya mkutano wake mkuu. Mwenyekiti amekwisha fungua mkutano, na mhasibu ameshika karatasi ya mapato na matumizi. Spika inatoa maneno mawili, inanyamaza, inatoa neno moja, inanyamaza tena. Wajumbe wawili wa kamati wanashauri kwamba amplifaya imekwisha umri wake, na kwamba azimio la kununua nyingine lipitishwe hapo hapo, maadamu wanachama wamejionea wenyewe.

Katibu anamwita fundi wa redio aliye miongoni mwa wanachama.

"Fundi, mashine ndiyo imekufa?"

"Haijafa, Ndugu Katibu," anajibu fundi baada ya kuchomeka hedifoni yake na kusikiliza. "Humu mna sauti safi kabisa. Mashine inadhani kuna mtu anayesikiliza peke yake, kwa hiyo imewanyima wengine."

"Sasa tufanyeje? Watu wanasubiri."

"Punguza sauti hadi mwisho, Ndugu, kisha nipe dakika moja."

Fundi anachomeka na kuchomoa plagi mara 15. Sauti inapofunguliwa tena, spika inasema vizuri. Mhasibu anasoma hesabu zote, na swali la kwanza juu ya makato linatoka safu ya nyuma.

Jambo la kutafakari katika mfano huu ni kwamba fundi hakutengeneza kitu siku ile. Alikwangua utando kwa muda tu, kwa msuguano wa bati, na utando utaota tena. Lakini alifanya mambo mawili yenye thamani: aliuokoa mkutano, na alithibitisha mahali ubovu ulipo. Azimio la kununua amplifaya mpya lingepitishwa kabla ya jambo hilo kujulikana.

5. MAJARIBIO YA KWANZA BILA KUFUNGUA CHOMBO

Majaribio yafuatayo yaweza kufanywa na katibu mwenyewe. Yafuatwe kwa utaratibu, kwani kila moja linajibu swali lililoachwa na lililotangulia.

(i) Je, chombo kinapata umeme, na sauti imefunguliwa? Swali hili lisidharauliwe. Itazamwe pia kama chombo chenye kioo kinaonyesha alama ya hedifoni ilhali tundu ni tupu. Alama hiyo ikionekana, kigusio au waya wake ndio wa kushukiwa.

(ii) Je, hedifoni ina sauti? Ichomekwe, sauti ikiwa imepunguzwa. Ikisikika vizuri, hatua za kukuza sauti ni nzima, na ubovu umo kati ya tundu na spika. Isiposikika kabisa, ubovu huenda uko mahali pengine, na somo hili halitoshi.

(iii) Je, spika yenyewe ni nzima? Iunganishwe na chombo kingine kinachojulikana kuwa kizima. Pasipo chombo kingine, waya zake zitolewe kwenye amplifaya na kugusishwa kwa nukta moja kwenye betri ya redio ya volti 1.5. Spika ya kawaida iliyo nzima hulia "tak".

(iv) Je, kuchomeka na kuchomoa kunabadili hali? Sauti ipunguzwe hadi mwisho, plagi ichomekwe na kuchomolewa mara 10 hadi 20, kisha spika isikilizwe. Ikirudi hata kwa muda mfupi, kigusio au lehemu ya tundu hushukiwa.

(v) Je, sauti kubwa hupita ilhali ndogo hukatika? Hii ni dalili muhimu kwa vyombo ambavyo sauti hupita katika kigusio. Sauti ndogo haina volti ya kuvunja utando. Sauti kubwa inayo. Spika inayokoroma na kupotea kwa sauti ya chini, kisha ikazinduka ghafla sauti inapoongezwa, aghalabu ina kigusio chenye utando.

6. KAZI YA FUNDI: KUPIMA

Chombo kinachotumia umeme wa nyumba kisifunguliwe na mtu asiye fundi. Hata baada ya kuchomolewa ukutani, kapasita zake kubwa huweza kuwa na umeme kwa muda.

Kipimo cha kwanza ni cha omu, chombo kikiwa kimezimwa. Ncha mbili za testa huwekwa kwenye miguu miwili ya kigusio. Tundu likiwa tupu, kigusio kizima husoma chini ya omu 1, baada ya kutoa omu za waya za testa yenyewe. Plagi ikiwamo, njia hiyo ikatike kabisa. Kipimo hicho kirudiwe mara 20 kwa kuchomeka na kuchomoa, na plagi itikiswe kidogo. Kigusio kinachosoma omu 0.2 mara 19 na omu 3,000 mara moja ni kibovu, kwa maana mara hiyo moja ndiyo itakayotokea siku ya mkutano.

Hapa pana mtego. Mlio wa testa, ambao mafundi wengi huutegemea, kwa kawaida hulia hata penye makumi ya omu. Isitoshe, umeme unaotoka kwenye testa waweza kuvunja utando wakati wa kupima, na kigusio kikaonekana kizima kwa dakika chache. Kwa hiyo usomwe tarakimu, wala mlio peke yake usisadikiwe.

Kipimo cha pili ndicho cha kuaminika zaidi kwa vyombo vyenye chipu. Chombo kikiwa kinafanya kazi kwa betri au kwa umeme mdogo ulio salama, hupimwa volti kati ya waya wa utambuzi na upande wa hasi. Tundu tupu lisome karibu na volti 0. Plagi ikiwamo isomwe karibu na volti 3.3, au volti zozote ambazo chombo hicho hutumia. Volti zinazokaa katikati, au zinazotangatanga, ni ushahidi wa kigusio kigonjwa.

7. HESABU YA UTANDO

Msomaji aliyezoea daftari la hesabu ataona jambo lote katika tarakimu. Volti za waya wa utambuzi hupatikana kwa kuzidisha volti 3.3 kwa omu za utando, kisha kugawanya kwa jumla ya omu za utando na omu za rezista. Rezista ikiwa ya omu 100,000:

Utando wa omu 10,000 hutoa volti 0.3.
Utando wa omu 50,000 hutoa volti 1.1.
Utando wa omu 100,000 hutoa volti 1.65.
Utando wa omu 400,000 hutoa volti 2.64.

Chipu nyingi huhesabu chini ya asilimia 30 ya volti zake kuwa ni "hapana", na juu ya asilimia 70 kuwa ni "ndiyo". Kwa volti 3.3, mipaka hiyo ni karibu volti 1 na volti 2.3. Kati ya mipaka hiyo chipu haina ahadi. Kwa hiyo utando wa omu 10,000 haumsumbui mtu. Wa omu 50,000 hadi 100,000 hufanya chombo kubadili nia kila mara. Na wa omu 400,000 hukifanya kiamini kwamba hedifoni imo wakati wote. Ndiyo sababu ubovu huu huanza kwa kukatika katika na kuishia katika kimya.

Mafundi wengine hushauri rezista ya omu 100,000 ibadilishwe kwa ya omu 10,000, ili umeme wa kigusio uongezeke mara 10 na usaidie kuvunja utando. Shauri hilo lina ukweli, lakini lina upande wa pili. Utando ukikataa kuvunjika, ule ule wa omu 50,000 utatoa volti 2.75 badala ya 1.1, na hali itakuwa mbaya zaidi. Rezista kubwa sana nayo si tiba: waya wa utambuzi huwa mwepesi kuvutwa na unyevu uliotanda ndani ya tundu, hata hedifoni isitambuliwe. Kubadili rezista hakusafishi bati. Kwanza kigusio kiponywe.

Jambo jingine ni mrukoruko. Plagi inapoingia, bati hugusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kutulia, na mkono wa mtu huichelewesha plagi zaidi. Chombo kilichoundwa vizuri husubiri kidogo, mathalani sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na huamua tu baada ya hali kutulia. Kapasita ndogo kwenye waya wa utambuzi husaidia kazi hiyo pamoja na kuzuia sauti ya muziki isiufikie waya huo. Lakini kusubiri huponya mrukoruko wa muda mfupi tu. Hakuponyi kigusio kisichogusa.

8. TIBA

Tiba zipangwe kuanzia iliyo nyepesi.

Kwanza, takataka zitolewe kwa hewa ya pampu ndogo au kwa kijiti laini kisicho cha chuma, chombo kikiwa kimezimwa na betri imetolewa.

Pili, kigusio kisafishwe kwa dawa maalumu ya kusafishia vigusio vya umeme, au kwa spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta. Tone chache zatosha. Plagi ichomekwe na kuchomolewa mara 20 ili msuguano uondoe utando, kisha chombo kiachwe kikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia yasitumike, kwani hukusanya vumbi. Msasa usitumike pia: huondoa ule mpako mwembamba wa nikeli au dhahabu, na bati iliyobaki wazi huota utando upesi kuliko mwanzo.

Tatu, lehemu za miguu ya tundu zitazamwe kwa kioo cha kukuzia, na zilizopasuka zilehemiwe upya.

Nne, springi ikiwa imechoka, tundu libadilishwe. Kulikunja ulimi kwa koleo husaidia kwa siku chache na mara nyingi huuvunja. Tundu jipya lazima lilingane na la zamani kwa kipenyo, kwa mpangilio wa miguu na kwa aina ya swichi. Tundu ambalo swichi yake ni ya kinyume litaingia vizuri kwenye bodi na kufanya kazi kinyume kabisa.

Tano, kwa chama ambacho hakitumii hedifoni kamwe, na ambacho chombo chake hupitisha sauti katika kigusio, fundi aweza kuunganisha miguu miwili ya kigusio kwa kipande cha waya kilicholehemiwa. Spika itasema daima. Njia hii ifuatwe kwa uangalifu: fundi ahakikishe kwanza kwamba saketi ya chombo hicho inaruhusu, tundu lizibwe, na lebo ibandikwe, ili mgeni asichomeke hedifoni baadaye na kuumiza masikio yake au chombo.

9. WAJIBU WA KATIBU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana juu ya fedha, lakini inavihusu vyombo pia. Kila chombo cha chama kiwe na ukurasa wake katika daftari la matengenezo. Humo iandikwe tarehe, dalili iliyoonekana, jaribio lililofanywa, jina la aliyetengeneza na fedha iliyolipwa. Maneno "amplifaya mbovu" hayamsaidii mtu. Maneno "spika haikusema, hedifoni ilisema, ilirudi baada ya plagi kuchomekwa mara 15" humpeleka fundi moja kwa moja mahali pa ubovu, hata kama fundi huyo si yule wa zamani.

Kabla kamati haijaidhinisha ununuzi wa chombo kipya, katibu atake majibu ya maswali matatu: Ubovu uko sehemu gani? Umepimwa kwa njia gani? Sehemu hiyo ikibadilishwa, gharama ni kiasi gani? Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Na kifaa kipya kikinunuliwa baada ya majibu hayo, wanachama watajua sababu yake.

Mwisho, vyombo vifanyiwe mazoezi. Mara moja kila mwezi, na tena siku mbili kabla ya mkutano, amplifaya iwashwe, plagi zichomekwe na kuchomolewa mara chache katika kila tundu, na spika isikilizwe kwa sauti ndogo. Plagi zisiachwe ndani ya matundu stoo, na chombo kifunikwe kitambaa kikavu. Kazi hiyo haichukui robo saa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chombo cha chama kinaonyesha alama ya hedifoni ilhali tundu ni tupu. Je, swichi yake ni ya aina gani, na kigusio kiko katika hali gani?
2. Kwa nini swichi ya taa ya volti 230 haisumbuliwi na utando kama kigusio cha tundu la hedifoni?
3. Rezista ni ya omu 100,000 na volti ni 3.3. Utando ukiwa wa omu 25,000, waya wa utambuzi utasoma volti ngapi? Je, chipu itatambua kwa usahihi?
4. Fundi amepima kigusio mara moja tu, testa ikalia, akasema ni kizima. Wanachama wamwulize nini zaidi?
5. Chama chenu kina vyombo gani vya sauti, na ni lini mara ya mwisho habari zake ziliandikwa katika daftari?

Jibu la swali la 3: volti 0.66. Ni chini ya volti 1, kwa hiyo chipu itatambua kwa usahihi. Lakini utando umekwisha kuanza, na kigusio kisafishwe sasa, kabla ya siku ya mkutano.